Kibuyu cha Ine

Mwalimu Grégoire alikuwa anafika kwetu Bihambwe mara mbili kwa mwaka, na mara zote kwa miguu. Mara ya kwanza ni wakati maharagi inakauka: anakuja kuandika majina. Mara ya pili ni kisha mvula kuanza: anakuja na barua, anachukua watoto wenye walikubaliwa. Kazi yake ilikuwa hiyo, kutafutia shule za mapadri na za masere, wale watawa wanawake, watoto wa kusoma ualimu. Alitoka Masisi, akapita milima yetu, akaingia pori la Walikale, siku ine za kutembea kivulini bila kuona jua, halafu akarudia njia ingine.

Viatu alivifunga pamoja na kuvitundika mu shingo. Akikaribia nyumba ya muntu, anakaa ku jiwe, anapangusa miguu na majani, anavaa. Kwetu lile jiwe liko mupaka leo, lakini hakuna tena mwenye kukaa pale kuvaa viatu. Sisi watoto tulijua: mwalimu akivaa, karibu anaanza kuuliza.

Mu mufuko wake mulikuwa daftari moja iliyofunikwa na ngozi ya mbuzi, na kamba za mukonge. Mutoto akisoma muzuri, Grégoire anamupima na kamba kutoka bega mupaka goti, anakata, anafungia kikaratasi chenye jina. Kwa ile kamba njo masere walimushonea nguo ya shule mbele hata hawajamuona.

Shida yake kubwa ilikuwa hesabu. Kwetu muntu hahesabie mugeni watoto wake, wala ng'ombe zake. Ukitaja hesabu ni kama unaonyesha kifo mahali pa kuchagua. Grégoire alijua, naye alizaliwa mu hii milima. Lakini karatasi ya mapadri ilikuwa inauliza.

"Papa Kabera, uko na batoto ngapi?"

"Bako," papa yangu akajibu.

"Bako namna gani?"

"Bako muzuri, Mungu asifiwe."

"Sikuulize afya."

"Mimi njo nakuambia afya. Kunywa maziwa, mwalimu."

Basi Grégoire alikuwa na akili yake. Aliangalia vibuyu vidogo vya maziwa vyenye vilitundikwa ku ukuta, sababu kila mutoto ana chake. Anahesabu na macho, anakunywa polepole. Ule mwaka, 1953, aliona vitatu: changu mimi Adelaïde, cha ndugu yangu Pierre, na cha Élisabeth mudogo niliyemubeba mu mugongo. Cha ine hakukiona.

Cha ine kilikuwa cha dada yangu Dancille. Asubuhi, papa aliposikia mwalimu iko ku mulima wa pili, alimutuma shambani pamoja na kibuyu chake. Hakukuwa ubaya. Dancille alikuwa na myaka kumi na ine, mimi kumi na mbili. Yeye njo aliandikia mulima muzima barua, yeye njo alinifundisha kusoma. Papa alitaka aende shule kuliko vile yeye mwenyewe alitaka. Lakini aliogopa jicho la watu. Alifikiri atamuficha siku ya kuandika, halafu siku ya kuchukua njo atamutoa.

Na nafasi ya binti ku shule ya masere, kwa upande wetu muzima, ilikuwa moja.

Grégoire akaniita mimi. Nilisoma kama muntu anayevuka muto ku mawe: neno moja, nasimama, neno lingine.

"Unasoma kidogo kidogo," akasema, "lakini haurudi nyuma."

Akanipima, akakata kamba, akaandika jina. Kisha akaenda zake Walikale.

Jioni Dancille akarudi na muzigo wa mihogo. Nikamuambia.

"Alikupima na kamba?"

"Ndiyo."

Akatua muzigo, akaanza kuosha mihogo. Aliosha hata ile ilikuwa safi. Papa akamuambia asiogope, siku yake itafika. 

Sitadanganya, mimi nilifurahi. Miezi tatu nilisugua miguu na jiwe ili iweze kuingia mu viatu. Na Dancille, kisha kukamua ng'ombe, alinikalisha na kunifundisha zaidi, hata maneno ya kifaransa, ili nisipate haya mbele ya masere. Nikikwama, ananinong'oneza neno ku sikio. Hakunipiga hata mara moja.

Mvula ikaanza. Grégoire akaja, akakaa ku jiwe, akavaa viatu. Alikuwa na barua, na nguo ya bluu imekunjwa mu jani la ndizi. Papa akatoka na Dancille, amefunga kitambaa kisafi.

"Huyu ni nani?" Grégoire akauliza.

"Mutoto wangu. Njo mwenye kwenda."

"Alikuwa wapi siku ile?"

"Shambani."

"Na kibuyu chake?"

Papa akaangalia chini.

"Hata kibuyu ulinifichia, Papa Kabera. Sasa nifanye nini? Karatasi ilishafika. Nikikata jina la Adelaïde, nafasi inaenda mulima mwingine. Huko Walikale niliacha batoto banalia juu ya hii nafasi."

Papa akakaa ku kizingiti. "Basi ni mimi nilimufungia mulango," akasema.

Grégoire akanipa barua. "Soma, mama, usikie vile banakuita."

Nilisoma mustari wa kwanza. Ku wa pili nikakwama. Nyuma yangu Dancille akaninong'oneza neno, vile alizoea. Nadhani hakujua hata kama amelisema. Grégoire akainua kichwa. Nami nikageuka, nikamupa Dancille barua, akaisoma mupaka mwisho, bila kusimama.

Watu wanasema nilikuwa na moyo muzuri. Ule moyo ulikuwa na woga pia: woga wa lori lenye linabeba watoto kutoka Masisi, woga wa masere, woga wa kulala mahali hakuna harufu ya ng'ombe. Lakini nilijua ile barua ni ya nani.

"Mwalimu," nikasema, "Adelaïde njo huyu."

"Na wewe njo nani?"

"Mimi niko Dancille. Nilikuwa shambani."

 Grégoire akakunjua ile nguo, akamuvalisha dada yangu juu ya kitambaa. Ilimukomea juu ya magoti.

"Mama Kabera," akaita, "leta sindano, fumua hili pindo. Huyu mutoto amekua sana mu miezi tatu. Masere wakiuliza, nitasema ni maziwa ya Bihambwe."

Nilibebea Dancille muzigo wake mupaka mutoni. Pale Grégoire akavua viatu, wakavuka.

Mimi nilibaki na myaka yangu tatu ya shule ya mulima wetu. Barua za dada yangu zilikuja zimetiwa sahihi na jina langu, na kila nikizisoma, polepole, ilikuwa kama mimi njo ninajiandikia kutoka mbali.

Mwaka uliofuata, maharagi ikikauka, Grégoire akarudi. Vibuyu vyote vine vilikuwa ku ukuta. Cha mwenye kwenda, papa alikitundika yeye mwenyewe. Mwalimu akakunywa maziwa, akafungua daftari, hakuuliza kitu. Papa njo akaanza.

"Andika. Pierre. Andika Élisabeth. Andika na yule alikufa na siku munane, hatukukuwa tumemupa jina."

Grégoire akaandika.

"Na Adelaïde?" akauliza, bila kuinua macho.

Papa akaniangalia mimi, kisha akaangalia njia ya Masisi.

"Adelaïde," akasema, "hao bako babili."

Ilikuwa hesabu ya kwanza ya watoto wake niliyosikia ikitoka mu kinywa chake.