Wimbo Aliooteshwa Naftali

Kinyaa kilimshika Philister mara tu alipoliona boksi la kaseti pale mlangoni. Kila kaseti ilikuwa na picha ya Naftali, mwalimu wa kwaya yao, ndani ya suti nyeupe, na chini yake maneno: Nilioteshwa na Roho.

Hakuoteshwa kitu. Yeye na Philister walifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba hii ya kuwatunzia, mjini Hopkins, ughaibuni, na wimbo wenyewe Naftali aliuokota chumbani kwa Bi Lin huku akibadilisha shuka. Bi Lin alitoka Taiwan na hakuwa tena na ndugu. Alikuwa na kaseti za Bai Yunshu tu, mwimbaji aliyeanzia sokoni akiwa mtoto, akapendwa hata kule alikopigwa marufuku, watu wakizificha kaseti zake kwenye mapipa ya mchele. Mwimbaji huyo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu hapo Bi Lin hakugusa uji wa asubuhi mpaka awekewe sauti yake.

"Nikifa mimi, hapa nani atalijua jina lake?" alimwuliza Philister kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Philister alimwahidi kwamba halitapotea.

Ndiyo maana alikuwa amemfuata Naftali mapema, siku alipomsikia akiifundisha kwaya wimbo huo. "Brother, si ungesema tu umeutoa wapi?"

Naftali alikuwa akila chapati, mafuta yakimtiririka kidevuni. "Sister, melody haina mwenyewe. Na huyo mama ata-complain kwa nani?" Akacheka mdomo umejaa.

Sasa kwaya ilikuwa imekuja kuwaimbia wazee Krismasi. Naftali alisimulia ndoto yake, malaika na yote, kisha wakaanza. Ubeti wa kwanza haujaisha, Bi Lin akainua kichwa kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu na kuimba nao, kwa Kichina, bila kukosea pumzi. Kwaya ilipomaliza beti zake mbili, yeye aliendelea peke yake na wa tatu, ambao Naftali hakuupata kwa kuwa shuka zilikuwa zimekwisha.

Ndipo Naftali akainua mikono. "Mmeona? Anaguswa. Ananena kwa lugha."

Amina zikamiminika. Susan wa sauti ya pili akapiga magoti, akilia. Mwongo akiokolewa na ujinga wa wenzake hana haya hata chembe, na huyu alikuwa tayari anafumba macho kwa utukufu. Philister alikwenda chumbani kwa Bi Lin, akarudi na redio kaseti, akaiweka juu ya boksi la Naftali na kubonyeza.

Bai Yunshu akaimba. Wimbo ulikuwa uleule, pamoja na ule ubeti wa tatu. Susan akainuka taratibu, akijifuta magoti, asimtazame mtu.

Bi Lin ndiye peke yake aliyefurahi. Aliamini wameleta kwaya nzima kumkumbuka kipenzi chake. Alijisukuma hadi mbele, akaushika mkono wa Naftali kwa mikono yake miwili.

"Bai Yunshu," alisema. "Na wewe unampenda? Nani alikufundisha?"

Kwaya yote ikamgeukia mwalimu wao, ikingoja jibu.