Miezi Kumi na Mmoja ya Mvua ya Kubuni

Usingizi wa mchana ofisini si wa kuaminika. Humchukua mtu bila hodi na kumrudisha hajui kiatu chake kimoja kiko wapi. Ndio uliomchukua Atupele Mwaisaka, mkuu wa kituo cha hali ya hewa cha Mbalaje, siku ambayo hakustahili hata kusinzia. Asubuhi nzima alikuwa amezozana na mhandisi Gwamaka juu ya Mpango wa Miaka Ishirini. Ulikuwa mpango mzuri, tuseme haki. Mashine mpya ingesoma kumbukumbu zote za mvua za miaka arobaini, ijifunze tabia ya mawingu ya pale, kisha itabiri mafuriko siku tano kabla, na watu elfu nane wa bonde la mpunga wangehama na kurudi kwa neno lake. Ilibaki saini moja tu ya mkuu wa kituo, kuthibitisha kwamba kumbukumbu zile ni za kweli. Kikao kilikuwa saa tisa.

"Mama, weka saini tu," Gwamaka alimwambia. "Daftari zenu hazina hata siku moja iliyorukwa. Kila kituo kinawaonea wivu."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Pale Mbalaje, kuacha nafasi tupu kwenye daftari lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Mpimaji aliyeacha tundu alisimamishwa mbele ya wenzake akachekwa. Miaka ishirini na miwili iliyopita, Atupele akiwa mgeni wa kazi, bilauri ya kupimia mvua ilimponyoka mkononi ikavunjika. Aliogopa kusema. Kwa miezi kumi na mmoja, hadi vituo vyote vilipogawiwa vifaa vipya, kila saa tatu asubuhi alitazama matope ya mlangoni, akakisia, akaandika. Mwisho wa mwaka akapewa cheti cha mpimaji bora. Cheti kile kilimwaibisha hadi leo, na hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe.

Alikula wali wake nusu, akaegemeza kichwa mezani, usingizi ukampitia.

Akajiona yuko katika nchi isiyo na kivuli, mbingu yake rangi ya bati kuukuu, upepo ukipita chini chini kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu aliyejifunga kaniki, macho yake hayatulii.

"Shikamoo, mama," Atupele alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Hadhari. Twende, ila usiniulize kama ni mbali. Wanaoniuliza hivyo hurudia njiani."

Wakapita uwanjani, ambako bwana mmoja mnene aitwaye Uzinduzi alikuwa akikata utepe kwa mkasi, na mkewe, Sifa, akimpigia vigelegele. Umati ulishangilia kila utepe ulipoanguka. Atupele alichungulia nyuma ya utepe akaona nyasi tupu, hakuna msingi wala tofali; watu walikuwa wamekwisha hamia utepe wa pili. Kando ya uwanja, mzee mkavu alipiga magoti kwenye manyunyu, chombo mkononi, akihesabu tone kwa tone. Huyo aliitwa Kipimo. Atupele alitaka kupita haraka, akihisi anamfahamu, lakini mzee aliinua uso.

"Wewe uliniacha," alisema bila hasira. "Nilikungoja kila asubuhi."

 Atupele akashika kaniki ya Hadhari kama mtoto sokoni, wakaendelea hadi penye nyumba kubwa isiyo na madirisha. Ndani aliketi msichana mkubwa ajabu, kichwa kinagusa dari, mzuri wa uso na macho yamefumba. Mbele yake mwanamume mwenye ulimi mtamu, jina lake Kisio, alimlisha kijiko baada ya kijiko.

"Huyu ni Kesho," Hadhari alisema. "Hajaona kitu tangu azaliwe. Anajua kile anacholishwa."

Atupele alitazama chungu kilichokuwa mbele ya Kisio. Ukingoni kilikuwa na mwandiko, na mwandiko ulikuwa wake.

"Mtoe! Mwambie asile!" alipiga kelele.

"Nani amtoe? Mnasema mnapanga miaka ishirini ijayo. Mwanangu, mpango ule ulianza siku ya kwanza mtu alipoandika namba. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa hakitamuumbua mfichaji peke yake."

Kesho akasimama, paa likapasuka. Akatoka kwa hatua ndefu, na nyuma yake wakafuata watu wa bonde, kina mama na vikapu, wazee na mikeka, wakimwamini kabisa. "Ni pakavu," aliwaambia kwa sauti tulivu. "Laleni." Wakatandika. Mlimani maji yakaanza kunguruma. Atupele alikimbia, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Mama mmoja alimtabasamia akamfunika mwanawe shuka, na maji yakawa yamefika.

Aliamka ameshika ukingo wa meza, jasho linamtiririka. Alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia hofu kuliko ndoto. Mashine ile isingemdanganya mtu yeyote. Ingerudia kwa uaminifu uongo alioufundisha yeye. Saa ilikuwa tisa kasoro dakika tatu.

Kikaoni hakungoja kukaa. "Siwezi kusaini," alisema, na akaeleza yote, bilauri, matope, cheti.

Gwamaka alishusha pumzi. "Mama, ni miezi kumi na mmoja tu! Tunaitoa, mashine inasoma iliyobaki. Ulitutisha bure." Watu wakacheka kidogo, kwa nafuu.

Mzee Kalinga hakucheka. Alikuwa mpimaji wa pale kwa miaka thelathini, amealikwa kwa heshima tu. Alivua kofia yake.

"Gwamaka, mwanangu, usitoe hiyo peke yake," alisema. "Na mimi ninayo. Miaka sita. Mto ukijaa nilishindwa kuvuka kufika kwenye kipimo, na tundu halikuruhusiwa."

 Kisha Bi Tumpe, mwandishi wa kumbukumbu wa sasa, akainua mkono bila kutazama mtu. Pembeni yake mwingine akainua. Gwamaka alichukua kalamu aandike miaka ya kila mmoja, akafika kwa mtu wa nne, akaiweka chini.

"Sasa mvua ya bonde hili," aliuliza polepole, "hasa ni kiasi gani?"

Walitazamana. Hapakuwa na mtu aliyejua.