Mikono Miwili Chini ya Lori

Daraja lililo mbele yao lilikuwa magogo mawili tu, kila upande wa magurudumu na gogo lake. Na lori la Mfaume, tangu lilipogonga kisiki asubuhi walipotoka Njinjo, lilikuwa halishiki njia. Usukani ukivutwa kulia, linakwenda kushoto.

Nyuma, juu ya magunia, Mastura alikuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili. Mdogo wake, Kidawa, alimshika mkono akausikia unalegea.

"Upepo wa matairi uko sawa," Mfaume alisema. "Tuyapime magurudumu ya mbele. Mimi huku mbele ya matairi yake, wewe nyuma ya hayo hayo."

Salumu, mume wa Mastura, akajilaza matopeni. Wakapima nafasi iliyo kati ya gurudumu na gurudumu kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Mbili na shubiri," Mfaume akaita.

"Hata huku, mbili na shubiri."

"Basi yamenyooka. Gari limerogwa, bwana."

"Limerogwa na dereva wake," Salumu alisema, wala hakucheka. "Tukate miti, tumbebe kwa machela."

Mpaka hospitali ya Kivinje kwa miguu ni kutwa nzima. Kidawa alijua dada yake hafiki.

Akawatazama wanaume wale wakijifuta tope. Mfaume mrefu kama mnazi. Salumu anamfika kifuani. Kidawa hata chakula humwekea shemeji yake huyo mezani bila kumtazama usoni. Akachukua ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka njiani, akashuka, akaingia chini ya lori. Akaunyoosha mbele ya magurudumu, akapiga fundo mwisho wa kipimo. Akaupeleka nyuma. Fundo likazidi kwa vidole vitatu.

"Shemeji," alisema akitazama chini, "mikono yenu hailingani. Nyuma ni pafupi kuliko mbele."

Mfaume akainama, akapapasa tairodi, chuma kinachounganisha magurudumu yale.

"Kimepinda kikawa kifupi. Kila gurudumu linatazama nje, lina safari yake."

Wakakifungua, wakakigonga juu ya jiwe, wakakirudisha. Kidawa akapima. Bado kidole. Wakakigonga tena. Juu, Mastura alikuwa ameacha kulia, na kimya kile kilimtisha Kidawa kuliko kilio.

Mara ya tatu fundo likakaa mahali pale pale, mbele na nyuma.

Lori lilipopanda magogo, Kidawa hakutazama mto. Alitazama midomo ya dada yake. Ng'ambo ya pili midomo ikatikisika.

"Nipe maji," Mastura alisema.

Kivinje ilikuwa bado mbali. Mfaume akakanyaga mafuta, na lori likaenda moja kwa moja.