Panya Wapelekwe Wapi

Katika duka la Mama Gomti, hapa Nyeri mjini, panya hauawi. Mama Gomti ni Mhindu, na imani yake haimruhusu kumwaga damu ya kiumbe. Mimi ni wa kanisa, lakini kwa jambo hilo nilimheshimu sana. Tunauza nafaka: choroko, dengu, mchele, maharagwe. Panya hawawezi kukosa. Jioni mwanawe, Ashish, hutega mitego ya waya yenye mlango unaojifunga, ndani akiweka njugu zilizosagwa. Asubuhi kazi inayobaki ni yangu.

Kazi hiyo niliifanya kwa moyo. Niliwahamishia panya kwenye debe la plastiki lenye kifuniko cha waya, nikawatandikia pamba na vipande vya gazeti, nikawafunika kwa kitambaa ili watulie. Niliwapa chenga za mahindi na kipande cha karoti chenye majimaji. Julai kama hii, manyunyu yakishinda kutwa, Mama Gomti hataki watolewe nje wafe kwa baridi, kwa hiyo tunakaa nao mpaka jua litoke. Hata niliwaombea. Nilisema, Bwana, hawa nao ni wako.

Jumamosi jua lilitoka. Ashish akaja kuchukua debe.

"Wamenona," alisema akichungulia. "Mama Theuri, hawa wanakula kuliko Theuri."

"Mwanangu ni mtu mzima, anajilisha. Leo unawapeleka wapi?"

"Pale pale pa siku zote. Wamagana, chini ya kiwanda cha kahawa. Ni pori tu, hakuna watu."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Niliuweka chini.

Chini ya kiwanda kile ndiko anakoishi mama yangu. Ana nyumba ya mbao, ghala dogo na shamba. Tangu mwaka uanze alikuwa akinililia kwa simu kwamba panya wamemshinda. Walimaliza mbegu za maharagwe alizoweka kwa msimu wa mvua, wakatoboa magunia ya mahindi, wakazaa ndani ya godoro lake. Nami nilimwambia tuombe. Tuliomba pamoja kwa simu, mimi nimesimama hapa hapa dukani, mikono yangu ikinuka njugu za panya.

"Pori gani?" nilimuuliza.

"Si kuna vichaka tu, na kahawa."

"Kahawa hujipanda?"

Alikirudisha kitambaa juu ya debe.

"Ashish, Wamagana hakuna pori. Kila kipande kina mwenyewe. Hicho unachoita kichaka ni ua wa mama yangu."

"Sikujua, Mama Theuri."

"Hukuuliza."

Mama Gomti aliinua kichwa nyuma ya kaunta. "Watiri, kelele gani hii? Wateja wanasikia."

"Wacha wasikie, Mama. Panya wako wamekula mbegu za mama yangu. Mimi nimewanenepesha, kijana wako akawabeba kwa gari mpaka mlangoni pake."

"Sasa unataka tuwaue? Wewe, mtu wa kusali kila asubuhi mbele ya mizani yangu?"

"Sijasema muwaue. Nasema hawa wa leo wapelekeni kwenu."

Ashish alicheka kidogo. "Kwetu? Mama Theuri, kwetu kuna jikoni. Kuna watoto."

"Na kwa mama yangu kuna nini?"

Mwanamke aliyekuja kununua choroko alijifanya anaangalia mchele. Nilijua kazi yangu ingeweza kuishia hapo, na bila kazi hiyo mama hangekuwa na mtu wa kumnunulia hata unga. Nilijaribu kuomba, lakini maneno yaliyokuja yalikuwa makali. Niliyaacha yaende hivyo hivyo. Mungu ameshasikia mabaya zaidi.

Mama Gomti alifunga droo ya pesa na kuinuka polepole.

"Lete debe," alimwambia Ashish. "Tunaenda nyumbani. Watiri, panda gari."

"Mama, wataingia ndani," Ashish alisema.

"Nimesikia."

Kwao kuna nyasi zilizokatwa vizuri na maua ya waridi kando ya ukuta. Nililiweka debe kwenye nyasi, mbali na mlango kadiri nilivyoweza, kwa sababu sikutaka mtu aseme nilifanya makusudi. Niliondoa kifuniko, nikasimama kando. Panya walikaa kimya ndani ya magazeti. Kisha mmoja akatoka, akanusa hewa, akakimbia akiambaa ukuta moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni, akapenya chini yake. Wengine wakamfuata.

Mama Gomti aliutazama ule mwanya chini ya mlango. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Jumatatu utafute fundi," alimwambia mwanawe. "Azibe mashimo yote ya duka, kazi uliyopaswa kuifanya zamani. Halafu umpeleke Wamagana, azibe ghala la mama ya Watiri, na huyo mama umpelekee mbegu. Hapa kwetu aje mwisho."

"Asante, Mama," nilisema, maana nililelewa vizuri.

Lakini hasira ilikuwa bado imenijaa. Njia nzima ya kurudi dukani nilimwomba Mungu asiniondolee mpaka fundi awe amemaliza kwa mama yangu.