Alizeti za Mkono wa Birika

Kwa miaka kumi na minane mama mkwe alimwita mkwewe Mkono wa Birika, na tuseme ukweli, hakumsingizia. Jamaa alikuwa mchoyo. Akienda kumsalimia mama, alikwenda na salamu tupu.

Ndipo akapata kazi ya kutunza kiwanja cha kiwanda cha betri kilichokufa zamani. Mbunifu wa bustani, binti wa maneno machache, alitaka kukigeuza mahali pa watu kupumzikia. Lakini kwanza udongo usafishwe, maana ulijaa madini ya risasi. Wakapanda alizeti ziinyonye ile sumu, kisha zing'olewe pamoja na mizizi yake zikateketezwe kitaalamu. Agizo lilikuwa moja: hapa hakuna kinacholiwa, hata kuku asidonoe.

Alizeti zikastawi mpaka zikaupita ukuta. Mama mkwe akaziona kutoka barabarani, akaingia, akamwambia mkwewe kumbe bintiye hakuolewa na gogo. Jamaa nusura alie. Sifa hiyo aliingoja tangu siku ya harusi. Kisha mama akaomba mbegu kidogo, akakamue mafuta.

Jamaa akaeleza habari ya mizizi, sumu na risasi. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Wachoyo nimewaona wengi, baba," akasema, "ila wewe ndiye wa kwanza kuusomea uchoyo."

Kesho yake mchana jamaa akamkuta mama katikati ya alizeti, mfuko umejaa mbegu. Adabu ilimtaka ageuze uso. Yeye akaushika mfuko. Mama naye hakuuachia. Wakavutana, mtu na mama mkwe wake, wapita njia wamejazana getini, mpaka mfuko ukapasuka na mama akaketi chini pu.

"Nichukie tu, mama," jamaa akasema akihema. "Bora unichukie ukiwa hai."

Mbunifu akaja mbio na kipimo chake, akakielekeza kwenye mbegu. Akasoma, akavaa glavu. Mama akazitazama zile glavu, akaitazama mikono yake, akaomba maji. Mkwewe akammiminia ndoo nzima bila kubana.

Ilichukua misimu minne ya kupanda na kung'oa hadi kipimo kikatulia na bustani ikafunguliwa. Mama mkwe aliwahi benchi la mbele. Wenzake wakaanza kujisifia wakwe zao, huyu kaletewa sukari, yule blanketi.

"Wangu hajawahi kuniletea kitu. Alininyang'anya," akasema kwa maringo. "Nyie hivyo mnavyoletewa, mmevipima?"