Mahali pa Kula Uingereza

Kijiko kiligonga meno yaliyofungwa, na viazi vilivyosagwa vikamchuruzika Diogo kidevuni hadi kwenye kitambaa alichofungwa shingoni kama mtoto. Rosalina akamfuta. Akachota tena. Safari hii mkono wa kushoto wa mumewe, huo mmoja uliobakiwa na uhai baada ya kiharusi, ukainuka taratibu kutoka kwenye shuka, ukakisukuma kijiko kikarudi kulikotoka. Viazi vikamwangukia Rosalina kifuani, juu ya sare ya kazi ambayo hakupata hata nafasi ya kuibadilisha.

"Baba Stephanie," alisema, "nakuomba. Leo tu."

Na leo ndiyo ilikuwa yenyewe. Mchana daktari angekuja kukaa na familia. Walikwisha kumpima koo wakaona linameza vizuri chakula kilichosagwa, kwa hiyo kutokula hakukuwa kwa koo, kulikuwa kwa mwenyewe. Mpira wa kulishia tumboni Diogo aliukataa tangu siku nyingi, akiwa na akili zake na ulimi wake, baada ya kuona kaka yake alivyoteseka nao. Basi mchana ukifika naye bado kafunga mdomo, alisema daktari kwa ule upole wao unaotisha kuliko ukali, wangemhamishia wadi ya wale wasiotibiwa tena, wanaotunzwa tu wasiumie mpaka mwisho wao. Stephanie, binti yao wa pekee, alikuwa njiani akitokea mji wa jirani wa Pickering ili naye awepo.

Rosalina alikuwa ametoka kazini Malton moja kwa moja. Huko, jirani na uwanja wa ndege, kuna jiko kubwa lisilo na hata dirisha moja, ambamo wanawake waliovaa vikofia vya wavu hupanga vyakula vya abiria kwenye sinia: mkate kushoto, saladi kulia, kuku katikati, funika, sukuma, nyingine hiyo inakuja. Miaka yote aliyoishi Toronto amewalisha watu waendao kila pembe ya dunia, na hajamwona hata mmoja wao akitafuna. Kazi ile ilikuwa imemtengenezea mkono mwepesi usiojua kungoja. Mkono huohuo ndio aliokuja nao hospitalini asubuhi hii, na ndio uliokuwa ukimpelekea mgonjwa kijiko juu ya kijiko, haraka haraka, kana kwamba nyuma ya Diogo kuna wengine wamepanga mstari.

Jacqueline, yule msaidizi wa wauguzi, mama wa Kikongo kutoka Bukavu ambaye tangu siku ya kwanza alifurahi kupata watu wa kusema nao Kiswahili, aliingia kuchukua sinia akakuta bakuli limejaa vilevile. Hakulaumu. Alisimama kidogo akitazama kijiko kinavyokwenda na kurudi.

"Mama," alisema, "uko unamupa chakula kama dawa. Muongeleshe kidogo."

Akaliacha sinia, akatoka.

Amwongeleshe nini? Rosalina alikuwa amekwisha kusema yote. Alikwisha kuomba, kufoka, kusali rozari, na kumtisha kwamba akifa atamzika na ile suti ya kahawia asiyoipenda. Yamekwisha maneno, jamani. Akakaa kwenye kiti, kijiko mkononi, akaona kwamba amechoka mpaka kwenye mifupa na kwamba anaogopa. Aliogopa kurudi Rexdale kwenye nyumba ile yenye viti viwili mezani. Aliogopa zaidi wazo lililokuwa likimnong'oneza tangu alfajiri, kwamba Diogo hataki tena, kwamba kila akisukuma kijiko anamwambia mkewe niachie niende.

Hapo ndipo akaikumbuka safari, maana ndicho kitu pekee ambacho hawakuwa wamekigusa tangu aanguke.

Walikuwa waende Uingereza mwezi wa tano. Si London. London Diogo aliitupilia mbali, akisema majengo anayo hapahapa. Yeye alitaka mashamba, kondoo, kuta za mawe na vijiji vyenye kanisa moja na baa moja. Ugonjwa huo wa Uingereza ulimwingia shuleni Tanga, kwenye vitabu vya mapadri, akiwa kijana wa Kigoa aliyekariri majina ya mito ambayo hakuna wa ukoo wake aliyepata kuiona, na uzeeni televisheni ikaukoleza. Kila Jumapili baada ya misa alikaa mbele ya vipindi vya mashambani, akapanga wapi watakula. Hoteli za kulala hazikumshughulisha. Kitanda ni kitanda, alisema. Mtu huijua nchi ya watu mezani kwao.

Wakagombana sana juu ya hilo. Nyumbani mwao Kiingereza kilikuwa cha barua na bili, Kikonkani, lugha ya Goa, cha kusengenya, na Kiswahili cha mambo ya moyoni, na ugomvi huu ulikwenda kwa Kiswahili. Rosalina alitaka wale kwa Wahindi, kwani kila mji Uingereza una Mhindi, na akaapa kubeba achari na pilipili ndani ya soksi. Diogo akakasirika kweli. Mtu avuke bahari nzima kwenda kula biriani, si afadhali akae kwake? Walinuniana siku mbili kwa chakula ambacho hakijapikwa.

Sasa Rosalina alivuta kiti karibu. Akaanza kwa sauti ndogo, akiona haya kama mtu anayesema peke yake.

"Haya. Tumeshuka. Tuko York."

Akamwambia kuhusu kifungua kinywa kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, mayai na mkate wa kukaanga na ile soseji nyeusi ya damu ambayo yeye hataigusa. Akapeleka kijiko. Midomo haikufunguka. Akamvusha hadi Devon, kwenye nyumba ya chai yenye bustani, skonzi na malai na jemu, akamkumbusha ubishi wao wa kipi kitangulie kupakwa. Jicho la Diogo lilimgeukia, jicho zima, likamtazama kama lilivyokuwa likimtazama zamani akikosea karata. Rosalina akapeleka kijiko upesi. Mkono ukainuka, ukakisukuma.

Aliinamia kitanda akakaa hivyo. Nje ya mlango gari la sinia lilikuwa limekwisha kupita kukusanya, na kwenye lifti alisikia sauti ya Stephanie ikimuuliza mtu njia. Alitaka kuacha. Kwa kweli alikwisha kuacha. Yaliyofuata aliyasema kwa sababu tu alikuwa hajafika mwisho wa safari, na Diogo hakupenda mambo ya nusunusu.

"Halafu tutaingia kwenye ile baa yako," alisema bila kuinua kichwa. "Ile ya kijijini, yenye moto. Tutakaa karibu na dirisha. Utaagiza pai ya nyama, na mimi nitasema haina chumvi hata kabla sijaionja. Itakuja inatoa mvuke. Utakata kipande, utapuliza, utanilisha mimi kwanza mbele ya wazungu wote, na mimi nitakwambia acha wazimu wako, watu wanatutazama..."



Akainua kichwa polepole.

Siku ya harusi yao, katika ukumbi wa kanisa Tanga, walilishana keki kama maharusi wote wanavyolishana. Wenzao waliishia hapo. Diogo hakuishia. Kesho yake asubuhi alimega mkate akampelekea Rosalina mdomoni kabla hajaonja yeye, na hivyo ndivyo alivyofanya kila mlo tangu siku hiyo, kwa mkono, kwa uma, kwa kijiko, nyumbani, kwenye karamu za watu, hata siku ya msiba wa mama yake. Tonge la kwanza la mke. Rosalina alikwisha kulizoea kiasi cha kutoliona tena, kama mtu asivyoiona pete yake mwenyewe. Na hapa hospitalini hakuliwaza kabisa, kwa sababu hapa hapakuwa na mlo, palikuwa na kulishwa, na tangu mumewe alazwe yeye mwenyewe hakuwa amekula kitu chochote mbele yake.

Mkono haukuwa ukikataa. Mkono ulikuwa ukimpa.

"Mungu wangu," alisema Rosalina. "Na mimi nakufuta kidevu."

Akachota viazi. Akakiweka kijiko katika mkono wa kushoto wa Diogo, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja juu ya mpini. Mkono ukaanza safari. Ulikwenda kombo, ukamwaga nusu kwenye shuka, ukatua, ukaanza tena. Rosalina hakuusaidia. Mkono wake mwenyewe, ule mwepesi wa Malton, aliukalia. Akasogeza uso na kufungua mdomo.

Vilikuwa vimepoa na havikuwa na ladha yoyote ya duniani. Alivitafuna ingawa havikuwa na cha kutafuna, machozi yakimwingia pembeni mwa midomo, na hiyo ndiyo ikawa chumvi yake.

Mlango ulifunguliwa. Stephanie aliingia na koti lake, daktari nyuma yake na Jacqueline nyuma ya daktari. Stephanie, aliyeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza maisha yake yote, alimuuliza mama yake anafanya nini, mbona anakula chakula cha Baba. Daktari akasema kwa upole wake kwamba anaelewa ni wakati mgumu, na kwamba ni vizuri wote wakae wazungumze sasa.

Rosalina hakugeuka.

"Mwambie tunakula," alimwambia binti yake. "Watusubiri nje."

Stephanie alifungua mdomo kubishana. Kisha akamwona baba yake, kijiko kitupu mkononi, uji wa viazi umemtapakaa hadi kwenye kiwiko, jicho lake halibanduki kwenye mdomo wa mkewe, likihakikisha kwamba amemeza. Akamgeukia daktari.

"Wanakula," alisema, na alisema kwa Kiswahili, kwa hiyo Jacqueline ndiye aliyelazimika kumfasiria daktari.

Hakuna aliyetoka. Hakuna pia aliyesogea. Rosalina alichukua kijiko, akachota kidogo, kidogo sana, akakisimamisha mbele ya midomo ya mumewe wala hakukisukuma. Alingoja. Gari la sinia lilirudi kwenye korido, likasimama mlangoni, na Jacqueline akalipungia mkono liende.

Midomo ikaachana. Rosalina akaweka kijiko, akakitoa kitupu.

Koo la Diogo likapanda, likakwama, na wote mle chumbani wakazuia pumzi, kisha likashuka.