Bolti ya Injini ya Alio

Soko la mifugo la Garissa lilikuwa na akina Abdikarim watano, na wanne kati yao walikuwa wameshabandikwa majina. Yule mrefu aliitwa Dheere. Mwenye meno mekundu aliitwa Ilkacase. Wa tatu, maskini, aliuza mbuzi asubuhi akamnunua yuleyule jioni kwa bei ya juu, na hadi leo mwanawe shuleni anaitwa mtoto wa Mbuzi. Wa nne simtaji, nina haya. Aliyebaki safi ni wa tano, fundi wa injini, na kiburi chake hakikuwa na kipimo.

Aliyegawa majina hayo ni Eddo Hinda, yaani shangazi Hinda, mama wa chai, ambaye kibanda chake kilitazamana na karakana ya fundi. Jina akishalibandika, limebandika. Wiki hiyo fundi alimwogopa maradufu, kwa kuwa Ijumaa yeye na wazee wake walikuwa waende Bute kumposa Ifrah, na mzee Jelle, baba ya binti, alikuwa akipiga simu kila upande kuuliza huyu Abdikarim ni yupi. Huku kwetu ukiuliza hivyo, unajibiwa kwa jina la utani. Fundi alitaka ajulikane Bute kwa jina alilopewa na babake tu.

Basi siku ya Jumanne, Alio, mkulima wa Balambala, akaleta injini yake ya kuvutia maji. Fundi aliitengeneza vizuri, akarudisha kifuniko, akakaza bolti tatu. Alipofika ya nne akaanza kujisifu.

"Mimi spana yangu hairudiwi, walaal," alimwambia Alio, akaongeza robo mzunguko ambayo hakuna aliyemwomba.

Tak! Kichwa cha bolti kikabaki ndani ya spana, mwili wake ukabaki ndani ya tundu.

"Nini hiyo imelia?" Hinda aliuliza kutoka kibandani.

"Kokoto, eddo!"

Alio aliona kila kitu, ila njaa ilimzidi. Akaenda kula na kuswali adhuhuri, akaahidi kufunga mdomo. Fundi akabaki na kile kisiki cha chuma. Alikimwagia dizeli, akakigonga kwa patasi kukirudisha nyuma, hakikutikisika. Akaona afanye la mwisho: akaweka nati juu ya kisiki, akaichomelea kwa ndani mpaka vikashikana. Sasa angeweza kuikamata kwa spana. Alikuwa anaingoja ipoe kidogo alipoona Hinda anavuka na birika.

Akatupa gunia juu ya injini, akaketi.

"Mbona unakaa juu ya mali ya watu?" Hinda akauliza.

"Napumzika, eddo." Joto lilikuwa limeshapenya gunia, linaulizia suruali.

"Na hilo jasho? Na huo uso?"

"Mgongo," alisema fundi, machozi yakimlengalenga. "Mgongo unanisumbua siku hizi."

Hinda alimwangalia kwa huruma, akammiminia chai polepole, akaongeza sukari, akakoroga. Fundi alihesabu kila mzunguko wa kijiko. Hatimaye mama akaondoka, naye akaruka kama aliyeumwa na nge.

Akashika spana. Kushoto kidogo, kulia kidogo, dizeli, tena kushoto. Bolti ikalia, ikalegea, ikatoka nzima na meno yake yote. "Alhamdulillahi!" Akafunga bolti mpya, safari hii bila kujisifu. Zaidi ya Alio hakuna aliyejua, na furaha ilimjaa hadi akasahau maumivu.

Ndipo akasikia simu ya Hinda, ambayo huwa kwenye spika wakati wote kwa kuwa mikono yake ina kazi.

"Abdikarim yupi, Jelle? Yule fundi? Aa, Abdikarim Mgongo! Kijana mzuri, wallahi, ila mgongo umekwisha. Nimemwona leo hata kusimama hawezi."

"Mgongo?" mzee Jelle akasema. "Na anataka mke?"

Fundi alivuka uwanja mbio, nati na kisiki chake mkononi.

"Adeer, mgongo wangu ni mzima!" alipaza sauti kwenye simu. "Nimevunja bolti, nikaichomelea nati, nikaikalia ingali moto ili eddo asione! Kilichoungua si mgongo!"

Soko zima likageuka. Hata wanunuzi wa ngamia, waliokuwa wakipatana bei kwa kushikana mikono, waliachana katikati. Kutoka Bute kikaja kicheko cha mzee, na nyuma yake kicheko cha mtu mwingine, chembamba, ambacho fundi alikitambua. Hinda alikuwa akifikiria jina, na hilo lilimtisha fundi kuliko kicheko.

Alasiri ujumbe ukaingia kwenye simu ya fundi, umetoka kwa Ifrah: "Kaliamoto, baba amekubali. Bute ni mbali, Ijumaa usisahau mto wa kukalia."